Utele Mwembamba wa Damu

Kaa vizuri, ndugu yangu. Kama hukupata kiti, simama vizuri, maana kwetu kusimama kunahesabiwa kuwa ni kukaa kwa watu warefu. Mimi naitwa Tarumbeta. Jina nililopewa na wazazi limo kwenye kitambulisho tu, halina kazi nyingine. Mimi ni mshereheshaji. Harusi za wakubwa, ufunguzi wa visima ambavyo maji yake bado yako njiani, mazishi ya mawaziri, kote huko kipaza sauti nakishika mimi. Wenye roho mbaya wanasema ninalipwa kwa kupiga domo. Waseme. Na wao domo wanalo, mbona hakuna aliyewahi kuwaalika?

Leo nakueleza jinsi nchi yetu ilivyomaliza shida zake zote kwa kufuta neno moja. Neno lenyewe sitalitaja, nina watoto. Ni lile ambalo watu wa zamani walilitumia wakitaka kusema kwamba kitu kipo lakini hakitoshi. Unalijua. Usilitamke, litafakari tu, na ukimaliza kulitafakari lisahau.

Chanzo chake ni kuku. Mtukufu alikwenda kuwatazama watu wa nyanda za juu, ambako mvua ilikuwa imechelewa kwa misimu kadhaa. Wakampokea kwa ngoma, wakamchinjia kuku wao, na ninaposema kuku wao nina maana alikuwa mmoja. Mtukufu akiwa na paja mkononi akamuuliza bibi mmoja aliyekuwa amepangwa mstari wa mbele, "Hali yenu, bibi?" Bibi yule, ambaye alikuwa amefundishwa jibu tangu alfajiri, akalisahau. Akasema, "Nzuri, baba, ila chakula kina," kisha akalitaja lile neno, mbele ya paja.

Mtukufu hamu ikamtoka. Akaliweka paja chini, Waziri wa Chakula akaliokota ili lisipotee bure, na msafara ukaondoka.  Njiani Mtukufu akasema maneno ambayo sasa yameandikwa juu ya mlango wa kila shule: "Shida ya wale watu si njaa. Shida yao ni msamiati."

*

Bunge likaitwa. Mimi nilikuwepo, maana nilialikwa kuongoza makofi. Viti vingi vilikuwa vitupu kwa sababu waheshimiwa walikuwa kwenye ziara za kujifunza. Mbunge mmoja mgeni akanyoosha mkono aulize kama idadi inaruhusu kupitisha sheria, jirani yake akamvuta koti akaketi. Spika akauliza, "Tumetosha?" Waliokuwepo wakajibu, "Tumetosha." Wasiokuwepo hawakupinga. Sheria ikapita.

Ni sheria ya huruma, usije ukadanganywa na watu. Mtu akilitamka lile neno hapigwi, hatozwi faini. Anafungwa mpaka ashibe. Basi. Siku akisema mwenyewe kwamba ameshiba, anafunguliwa mlango. Kwa chakula cha gereza letu, bado hajatoka mtu, lakini hilo ni suala la hiari yao.

Sasa, huwezi kumnyang'anya mtu neno ukamwacha mdomo wazi. Wataalamu wa lugha wakakaa hotelini mwambao wa ziwa, wakala, wakafikiri, wakala tena, wakarudi na neno jipya: utele mwembamba. Kitu kikiwa hakifiki mnapotaka kifike, kina utele mwembamba. Barabara ina utele mwembamba wa lami. Shule ina utele mwembamba wa madawati, ndiyo maana watoto wanasomea sakafuni, ambayo ipo tele. Wananchi walilipokea vizuri sana. Hata wake zetu walilishika upesi, siku ya pili tu mke wangu akawaambia mashoga zake kwamba nina utele mwembamba wa akili. Nilicheka. Nilicheka kwa sababu walikuwa wananitazama.

Ila utele una mambo yake, na hili wataalamu hawakulifikiria pale hotelini. Unatujua sisi. Sisi ni watu wa michango. Mtu akioa tunachanga, akifa tunachanga, mtoto akimaliza darasa la saba tunachanga, na asiyechanga siku yake ikifika atabeba jeneza peke yake. Kwetu sisi mwenye tele hawezi kukaa kimya wenzake wakichanga. Basi wakubwa wakapiga hesabu yao: kama nchi nzima ina utele, kila mtu ana cha kuchangia. Tarafa yenye utele mwembamba wa maji ikaambiwa ichangie maji tarafa ya jirani. Wakabeba ndoo. Tarafa ya jirani nayo, kwa kuwa na utele wake mwembamba, ikaambiwa ichangie ya kwanza. Wakakutana njiani, wakasalimiana, wakapishana, na maji mengi yakamwagika kwa sababu njia ni ya mawe. Nilisherehesha pande zote mbili, na kote nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

*

Sasa nakuja kwa Sikudhani.

Sikudhani anauza mihogo ya kukaanga pale stendi, mtu wa watu, ulimi wake mkali lakini pilipili yake ndogo. Mume alimkimbia zamani. Ana mtoto mmoja, Mwajabu, mwenye miaka saba hivi. Nasema ana, sijui kwa nini, ulimi wa mshereheshaji huwa haupendi kubadili wakati. Mtoto yule alikuwa akiimba mbele ya karai la mama yake, watu wakinunua muhogo kwa ajili ya wimbo. Halafu akaacha kuimba. Akitoka mlangoni kufika mkekani anakaa chini aheme. Mama yake akamkuta anakula udongo wa ukutani, anaubandua kwa kucha na kuulamba.

Akampeleka hospitali ya wilaya, kwa Daktari Kingazi. Ni daktari mzuri, amesoma nje, mikono yake laini, na kila mtu anampenda kwa sababu hana madhara kwa serikali. Daktari akavuta ngozi ya chini ya jicho la mtoto, akatazama. Ndani palikuwa peupe. Akatazama viganja, vyeupe. Akatazama ulimi. Akaenda kufunga dirisha.

"Mama Mwajabu," akasema, "mwanao ana utele."

"Utele wa nini, daktari?"

"Utele mwembamba wa damu."

Sikudhani hakuwa mjinga. "Mwembamba kiasi gani?"

Daktari akatazama mlangoni kwanza. "Mwembamba sana, mama. Ikipita wiki hivi hivi, sijui."

"Basi mwongezeeni. Si mna friji zima la damu pale? Nimeliona."

"Lipo. Lakini siwezi kumwongezea mtu aliyeandikwa kuwa na utele. Wataniuliza naongeza juu ya nini."

"Andika vingine."

"Hakuna vingine, mama. Vingine ni lile neno."

 Mwajabu alikuwa amelaza kichwa mezani kwa daktari, anavuta pumzi fupi fupi. Daktari alimhurumia, kwa hilo lazima nimsifie. Akainama akamnong'oneza mama kwamba Jumamosi kutakuwa na Sherehe ya Kuchangia Damu pale uwanjani, na Mkuu wa Wilaya mwenyewe atakuwepo. Mkuu wa Wilaya akisema kwa mdomo wake kwamba mtoto apewe, atapewa, hakuna atakayeuliza. "Mfikie. Mwangukie miguuni. Mimi nitakuwa pale na vifaa, akitoa ruhusa tu namtundikia chupa palepale."

Sikudhani akambeba mwanawe akarudi nyumbani na tumaini hilo. Mambo haya yote Daktari alinisimulia mwenyewe baadaye, tukiwa baa, na aliyasimulia mara kadhaa katika jioni ileile, mpaka nikamwambia abadili mazungumzo.

*

Sherehe ilifana, nakuambia. Turubai la wageni rasmi lilikuwa na mapazia. Sambusa zilipitishwa, maji ya chupa yakapitishwa, kwaya ikaimba wimbo wa utele mpaka jua likawa kali na mwanakwaya mmoja akaanguka, wakaendelea. Kwenye jukwaa palikuwa na vitanda na manesi, na chupa za kila umri, kubwa za watu wazima na ndogo za watoto, maana nchi yetu haimbagui mtu katika kutoa.

Mimi nikaanza kazi. "Tunaanza na waheshimiwa! Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Chambuso, baba yetu, unatuwekea nini?"

Mheshimiwa Chambuso akasimama, akafunga kifungo cha koti. Tumbo lile linahitaji subira. "Ndugu wananchi," akasema, "mimi naahidi chupa mbili."

Makofi ya kilo. Unajua makofi ya kilo, moja, mbili, tatu, pwaa. Afisa Elimu akaahidi chupa. Mwenyekiti wa Halmashauri akaahidi chupa, na nyingine kwa niaba ya mkewe aliyekuwa safarini. Wafanyabiashara wakaahidi. Wageni rasmi wote waliahidi kwa moyo mweupe, na hakuna hata mmoja aliyekunja shati, kwa sababu ndivyo michango yetu ilivyo: mkubwa anaahidi, mdogo anatoa taslimu.

Basi wadogo wakapanda jukwaani. Kina mama wajawazito waliokuwa wameambiwa kliniki kwamba wana utele mwembamba. Mzee mmoja wa nyanda za juu, anatembea akishika ukuta ambao haupo. Nikawaita wote kwa majina ya sifa. Sindano ziliingia, wengine damu ilikuja, wengine ilisitasita, nesi akawa anawakanda mkono kama anakamua ng'ombe wa kiangazi.

Hapo ndipo nikamwona Sikudhani anapenya katikati ya watu, mtoto mgongoni. Askari wakamzuia. Nikaona anagombana nao, na mimi sipendi fujo kwenye sherehe yangu. Nikamwita kwa kipaza sauti. "Mama, mtoto ana nini?"

Naye akanijibu kwa adabu, akitumia neno la serikali, akijua ndilo litakalompitisha. "Ameambiwa ana utele wa damu, kaka. Nataka kumwona Mheshimiwa."

Ndugu yangu, mwili ulinisisimka. Mtoto mdogo, mwenye utele, analetwa na mama yake mbele ya taifa. Vitu kama hivi mshereheshaji huviota. Nikasema, "Mabibi na mabwana, tumepata mchangiaji mdogo kuliko wote!" Uwanja ukalipuka. Askari wenyewe wakawa ndio wanaomsukuma jukwaani. Akawa anasema kitu, anakataa kwa kichwa, lakini kwaya ilikuwa imeshaanza. Nesi akamtoa mtoto mgongoni, akamlaza, akamfunga mpira kwenye mkono. Mkono wenyewe ulikuwa mwembamba hata mpira ukazunguka mara mbili.

Sikudhani akamwendea Mheshimiwa Chambuso pale kitini, akapiga magoti. "Mheshimiwa, naomba," akasema.

Sikutaka ababaike mbele za watu. Nikamsaidia. "Anaomba mwanawe achangie!"

Mheshimiwa akampapasa kichwa. "Nimekubali, mama," akasema. "Nimekubali."

Daktari Kingazi alikuwa amesimama karibu na vitanda, ameshika ile chupa aliyoiandaa kwa ajili ya kumtundikia Mwajabu. Alivyosikia ruhusa imetolewa ya namna ile, akaiweka chini taratibu, akaanza kusafisha miwani.

Mwajabu akasema, "Mama, naona giza." Hakulia. Alisema tu.

Sikudhani akageuka. Akanijia, akaninyang'anya kipaza sauti, na kucha zake zikanichubua kidole, alama ninayo mpaka leo. Sasa nisikilize kwa makini, maana nakueleza kitu ambacho sikukisikia. Nisichokisikia kilikuwa hiki: "Mwanangu ana upungufu wa damu! Upungufu! Damu yake haitoshi, na mnamtoa hata hiyo! Mnayajua haya wote mlioko hapa, na nyumbani kwenu mnalala nayo!"

 Kwaya ikafunga midomo. Huko nyuma mtoto mchanga akaanza kulia, mama yake akamziba kwa ziwa.

Mheshimiwa Chambuso akasimama, kifungo kikafungwa tena. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya baba anayeuliza nani kavunja glasi. "Ndugu wananchi, nimeona huyu mama anafungua mdomo. Kuna aliyesikia neno?"



"Sheria inataka shahidi," akaendelea Mheshimiwa. "Aliyelisikia na kulielewa asimame atoe ushahidi. Halafu ataongozana na mama huyu, maana mtu hawezi kulielewa neno hilo ila awe amelificha kichwani mwake. Na kulificha pia ni kosa. Haya, nani?"

Watu wakatazama miguu yao. Waliokuwa na viatu, viatu.

"Daktari," akasema Mheshimiwa, "wewe ni msomi. Umesikia nini?"

Daktari akavaa miwani. "Sikio langu la kulia lina matatizo kidogo, Mheshimiwa."

"Na la kushoto?"

"Huwa linafuata la kulia."

Mheshimiwa akanigeukia mimi. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwenye mdomo wa yule mama, mate yake yalikuwa shavuni kwangu bado. Nikasema, "Kipaza sauti kilizimika, Mheshimiwa. Tatizo la waya." Nikamnyang'anya, nikakigonga, kikalia vizuri kabisa. "Sasa kimerudi," nikasema.

Sikudhani akatutazama mmoja mmoja. "Nimesema," akasema. "Nifungeni. Nifungeni mimi, nileni nyama, lakini mumtibu mtoto."

"Tukufunge kwa kosa gani, mama?" akauliza Mheshimiwa, na kwa kweli alionekana kuguswa. "Hukusema kitu."

Akaonyesha kwa mkono niendelee. Nikaomba makofi ya kilo kwa mama shujaa, moja, mbili, tatu. Hayakuwa na nguvu mwanzoni, ikabidi tuyarudie. Yule nesi naye alikuwa anamaliza. Chupa ndogo ilifika nusu, ikagoma. Nikatangaza kwamba imejaa.

*

Mwajabu alifariki njiani kurudi nyumbani. Alikuwa mgongoni, kanga imemshika, na mama yake akaendelea kutembea akidhani amelala. Alikuja kuambiwa na wauza mihogo wenzake pale stendi, waliokuja kumpokea mtoto na kukuta shingo haijishiki. Ilitangazwa kwamba amekufa kwa ukarimu.

Wilaya haikumsahau. Mheshimiwa Chambuso alimtunuku cheo cha Mchangiaji Bora, na mimi nikapewa heshima ya kupeleka zawadi msibani: kanga iliyoandikwa utele, na ndoo ya plastiki yenye picha ya Mtukufu anacheka. Nilikwenda na mpiga picha wa wilaya. Wanawake walikuwa wameketi mkekani, Sikudhani katikati yao, macho makavu. Nikatoa salamu za serikali. Nilizitoa vizuri, kwa sauti ya chini, ile ninayoiweka kwa ajili ya misiba.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Kaka Tarumbeta, damu ya mwanangu mlimpa nani?"

Nilimjibu kweli, kwa sababu msibani hakufai uongo. "Hakupewa mtu, mama. Kila mwananchi ana utele, sasa tungempa nani? Chupa zote ziliwekwa kwenye kabati la kioo ofisini kwa Mheshimiwa, wageni wazione. Ya Mwajabu ilikuwa mbele kabisa. Bahati mbaya umeme ukawa mwembamba, zikaharibika, mhudumu akazimwaga huko nyuma ya choo."

Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti. Nikamwomba apunguze, kwa heshima ya marehemu. Sikudhani hakulia. Aliendelea kunitazama, na sijui alikuwa anangoja niongeze nini, nilikuwa nimeshasema yote. Nikamnyooshea ndoo. Mikono yake ikabaki mapajani.

"Pokea, mama," nikamwambia. "Kwa mikono miwili. Ndiyo adabu yetu."

Mpiga picha alikuwa anasubiri, jua linazama. Wale wanawake wakanong'onezana, mmoja akamgusa bega, na mwishowe Sikudhani akanyoosha mikono miwili akapokea. Ikabidi tupige picha nyingine, kwa sababu katika ile ya kwanza alikuwa ameinamisha kichwa anatazama ndani ya ndoo, na ndani hamkuwa na kitu.